Gari Alilopewa Mdogo Wangu

Jumapili, alasiri. Mvua imenyesha tangu asubuhi, na ziwa limekuwa rangi ya sufuria. Nyumba iko kimya. Ninaandika nikiwa nimekaa kwenye kiti cha Mjomba, jambo ambalo silifanyi akiwepo.

Nina wivu.

Nimeona niliandike hilo kwanza, kabla sijaanza kulizungushia maneno. Ninamwonea wivu Jamila, mdogo wangu wa tumbo moja, na wivu wenyewe ni wa gari.

Kwa asiyetujua: Mjomba Hamza ni kaka wa marehemu mama yetu. Hakuoa. Alifanya biashara ya vitenge na Goma miaka mingi, anavuka mpaka pale Grande Barrière asubuhi, anarudi jioni, na mambo yalipomnyookea alijinunulia gari la spoti. Jekundu, la milango miwili, limelala chini kama kiatu. Watu wa Gisenyi walicheka sana. Viti viwili, na mwenyewe hana hata mke wa kukalia hicho cha pili! Cha pili nilikikalia mimi.

Alilitoa siku za sikukuu tu. Tulipita barabara ya ziwani polepole mpaka kule kwenye chemchemi ya maji ya moto, tukageuza, tukarudi, akalifuta, akalifunika shuka. Ndiyo maana limezeeka bila kutembea. Ukitazama kilomita zake utadhani lilishushwa melini jana. Lakini mimi nilijifunza magari kwenye banda lile, nikimpa spana, na duka langu la spea hapa karibu na soko lilianzia palepale.

Kisha presha ya macho ikamwingia. Sasa anaona mwanga na vivuli vya watu, basi. Nilihamia kwake. Ninampikia, ninamtia dawa machoni, ninampeleka kliniki. Na kila wiki niliwasha lile gari, nikalisogeza mbele na nyuma uani ili matairi yasikae upande mmoja, naye akiwa barazani ameinamisha kichwa anasikiliza. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Nilifanya tu, kama mtu anayeangalia kitu chake.

Siku ya Idi, tukiwa bado na pilau mikononi, akatoa ufunguo mfukoni. "Jamila, fungua mukono," akasema. Akauweka humo.

Jamila! Anayefanya kazi Kigali kwenye bima, anayekuja na keki sikukuu hadi sikukuu, asiyejua chupa ya dawa ipi ni ya asubuhi.

Nilipiga makofi. Hata kigelegele nilipiga. Nikaenda jikoni nikaosha sufuria ambazo zilikuwa zimeshaoshwa.

Tangu siku ile sijakaa vizuri. Jamila akituma picha amesimama kando ya gari, ninaikuza kwa vidole nione kama limechunika. Naona aibu kusema kwamba nilikuwa natamani liwe limechunika.

Ijumaa alikuja nalo. Mpango ulikuwa alale hapa usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi, kisha leo aondoke na Mjomba kwenda Kigali kwa daktari mkubwa wa macho. Kabla hata ya kufika nyumbani alipitia dukani kwangu, akaweka karatasi juu ya kaunta. Alikuwa amelipeleka gari kwa wauzaji wa magari ya aina hiyo Kigali wakalikagua, nao wakamchapishia ukurasa mzima wa mambo "yanayopendekezwa": mafuta ya breki, mkanda wa taimingi, maji ya rejeta, plagi, mafuta ya giaboksi, kusafisha nozeli, na mengine mpaka chini.

"Yaya, we ndo unajua," akasema.

Huku kwetu yaya ni dada mkubwa. Kule Tanzania nilikokulia kabla hatujarudi, yaya ni mtu anayelea watoto wa wenzake. Miaka yote neno hilo halijanisumbua. Ijumaa lilinichoma.

"Nimesoma kitabu chake," akaendelea. "Mengine wanahesabu kwa kilomita, mengine kwa miaka. Sasa miaka imepita, kilomita hazijapita. Nifuate nini? Ama wananila pesa tu?"

Lilikuwa swali zuri. Wateja wangu wengi hawajui kuuliza hivyo. Na jibu lake nilikuwa nalo, ningeweza kulitoa huku nikifunga mizigo. Nikaisukuma karatasi irudi kwake.

"Hakuna lazima hata moja. Gari halijatembea. Lifute vumbi uendeshe."

Sikufungua hata boneti.

Nimejiuliza tangu jana nilitaka nini. Sikutaka aumie, hilo naliapia. Nilitaka gari limzimikie njiani, Musanze labda, kwenye mvua, viatu vyake vizuri vikiwa topeni, anipigie simu na sauti ile ya "Yaya, njoo." Nilitaka Mjomba asikie simu hiyo. Ndivyo nilivyokuwa mdogo Ijumaa ile. Breki hazikunipitia kichwani. Mimi ninayeuza mafuta ya breki kila siku, sikuwaza breki.

Jana baada ya adhuhuri Jamila alikwenda kumwona rafiki yake aliyejifungua. Ufunguo akauacha mezani. Mjomba alikuwa amekaa hapa hapa nilipokaa mimi sasa.

"Rehema," akasema, "unitembeze kidogo. Kesho naenda na ule mutoto. Leo nataka niende na weye."

Mjomba amezaliwa huku, na Kiswahili chake ni cha Goma na soko lake. Nampenda akisema "weye" namna ile, au "juu ya nini" akitaka kuuliza kwa nini.

Kiti cha dereva kilikuwa kimesogezwa mbele kwa miguu yake Jamila, mifupi. Ndani mlinukia manukato yake. Kioo kilikuwa kimeelekezwa kwenye uso wake. Nikakirudisha kiti nyuma kwa nguvu mpaka kikagonga, na hiyo ilikuwa furaha yangu ya kwanza tangu Idi.

Tulipanda. Tukapita Nyundo, Mahoko, mpaka Bigogwe, ambako baridi iliingia kwenye mikono ya gauni na ng'ombe walikuwa wamesimama kwenye ukungu. Sijui kama naweza kueleza gari lile likipanda mlima. Linavuta kama limekuwa likikungoja. Mjomba alikuwa akicheka peke yake, kiganja amekiweka juu ya dashibodi kama mtu anayepapasa mgongo wa farasi. Kila gia niliyobadilisha, yeye huiita vitesse, aliitaja kabla sijaimaliza. "Ya tatu... aah, muzuri... ya ine!"

Kwa muda ule lilikuwa langu.

Tukageuza. Kuteremka niliendesha vibaya. Naandika hivyo kwa sababu nafahamu kuendesha vizuri ni nini. Nilikwenda mbio, nikashika breki kwa kuchelewa na kwa nguvu, kona baada ya kona, kama mtu anayemalizia chakula cha mwenzake kabla hajarudi. Harufu ya kuungua niliisikia. Nikafikiri ni ya lori lililokuwa mbele yetu.

Tulipopita Mahoko, kwenye kona inayoshuka, mguu wangu ulizama mpaka chini.

Hakukuwa na kitu pale. Kanyagio lilikuwa laini kama sponji. Mbele yetu wanaume wawili walikuwa wakiteremsha baiskeli zilizojaa magunia ya karoti, na ukingoni mwa barabara wanawake waliotoka sokoni, wengine na watoto mgongoni. Nikapiga honi. Nikarudisha gia ya tatu, injini ikalia.

"Unashusha vitesse juu ya nini?" Mjomba akauliza.

"Breki hazishiki, Mjomba."

Hakupiga kelele. Akajisukuma nyuma kwenye kiti. "Pampa mara mingi. Rudi ya pili. Tafuta kilima."

Nikapampu. Kanyagio likarudi kidogo, likaondoka tena. Nikaweka gia ya pili na gari likatikisika lote kama linataka kutema injini. Wa baiskeli wakageuka, wakaona, wakajitupa mtaroni wao na karoti zao. Kulia kwangu niliona njia ya udongo inayopanda kwenye nyumba za watu. Nikakata usukani, nikavuta handbreki, nikafumba macho, ndiyo, niliyafumba, na gari likapanda, likapoteza nguvu, likasimama pua ikiwa ndani ya ua wa mikaratusi.

Karoti zilikuwa zinaviringika barabarani nyuma yetu. Mwanamke mmoja alikuwa akimwita Mungu, "Mana we, Mana we," mikono kichwani.

Mjomba alinyoosha mkono akanitafuta, akapata bega.

"Tumekufa?"

"Hapana."

"Bon," akasema.

Nilishuka nikawaomba radhi wale wa baiskeli, tukaokota karoti pamoja. Walikuwa wamechubuka viwiko tu. Mmoja alinitukana vizuri sana na nilistahili. Kisha nikafungua boneti. Kichupa cha mafuta ya breki ndicho nilichotaka kuona. Yakiwa mapya ni meupe kama mafuta ya kupikia. Haya yalikuwa meusi kama kahawa iliyolala.

Mafuta ya breki huvuta maji kutoka hewani. Gari litembee lisitembee, mwaka hadi mwaka yananyonya tu. Ukiyapeleka kwenye mteremko mrefu na kuyapasha moto, yale maji yanachemka, yanakuwa mapovu, na wewe unakanyaga mapovu. Mambo haya nimewaeleza wateja mpaka nimechoka. Na tairi, nilipoinama, lilikuwa na nyufa nyembamba ubavuni kama kisigino cha mtu anayelima. Meno yake mazima kabisa, lakini tarehe iliyopigwa ubavuni ilisema lilitengenezwa Jamila akiwa bado sekondari.

Tulikaa pale kungoja breki zipoe. Nikalia. Mjomba akaniacha nilie.

"Ni mimi," nikamwambia. "Jamila aliniuliza Ijumaa. Nilimwambia hakuna la kufanya."

"Juu ya nini?"

"Kwa sababu ulimpa yeye."

Aliugeuza uso kwenye sauti za watu barabarani.

"Weye njo unanipikia," akasema hatimaye, "njo" yake ikiwa ndiye. "Weye njo unanitia dawa mu macho. Ile gari iko muzee sawa mi. Nikupatie tena muzee ya pili, uichunge? Jamila hana kitu inamufunga. Atatembea nayo. Ikikufa, ikufe. Mi nilikuwa nakuhurumia, Rehema."

Najua nilipaswa kulainika. Mtu angesoma hapa angetegemea nimwangukie shingoni. Lakini kilichonipanda kilikuwa hasira.

"Hukuniuliza," nikasema. "Ulidhani nimechoka, ukaamua. Hukuniuliza kama nalitaka."

Mjomba ni mtu wa haki, hata ikimuuma.

"Ni kweli," akasema. "Sikukuuliza."

Kanyagio lilipokuwa gumu tena tuliteremka kwa gia ya pili mpaka nyumbani, pikipiki na baiskeli zikitupita.

Jamila alikuwa amesharudi. Nilimweleza kabla sijavua viatu, yote, pamoja na Musanze na viatu vyake topeni. Alisikiliza amesimama.

"Ungeniacha nipande nayo Kigali?" akauliza. "Na Mjomba ndani?"

"Sikuwaza breki."

"Yaya. We unauza breki."

Akaingia chumbani akafunga mlango. Mjomba na mimi tulikunywa chai bila kutazamana, ingawa yeye hatazami. Nilidhani mdogo wangu analia. Kumbe alikuwa akisoma. Alitoka na kile kitabu cha gari, ile karatasi na kalamu, akavuta kiti.

"Haya. Sasa niambie ukweli. Moja moja."

Basi tukafanya kazi ambayo ilitakiwa ifanyike Ijumaa. Nilimwambia aweke mambo mawili kichwani: kitu kinachochakaa kwa kusagika kinangoja kilomita, na kitu kinachooza kinangoja miaka. Mafuta ya breki yanaoza, yabadilishwe kabla gari halijatoka uani. Maji ya rejeta vilevile. Oili ya injini, mwaka ukipita inatoka hata kama gari limekaa tu. Plagi tukaziacha, tutafungua moja tuitazame. Kusafisha nozeli, hapana, injini inawaka vizuri na haikohoi. Giaboksi, si sasa.

Kwenye mkanda wa taimingi tulibishana. Mimi nilisema unaweza kungoja mwaka mwingine, kwa kuwa kwa macho ulikuwa mzuri. Jamila akanigeuzia kitabu na kuweka ukucha juu ya mstari: miaka yake ilikuwa imekwisha siku nyingi. "Ukikatika?" akauliza. Ukikatika, injini yote imekwenda, nikakiri. "Sasa mbona unabahatisha na kitu changu?" Alikuwa na haki, na huenda hata pale wivu ulikuwa bado unanisemea. Mkanda ukaingia kwenye orodha.

Kichujio cha hewa nilitaka kukivuka. Akasisitiza nikifungue, tukakuta panya wamejenga humo kwa pamba ya shuka la Mjomba. Tulikaribia kucheka. Karibu.

Matairi hayakuwemo kwenye karatasi. Nadhani wale wa Kigali waliona meno marefu wakaridhika. Yeye mwenyewe akayaandika chini, kwa mwandiko wake mzuri ule ambao pia nimewahi kuuonea wivu. Kupima mwelekeo wa magurudumu kutafuata, matairi mapya yakishafungwa.

Hawakuwa wezi wale wauzaji. Walichanganya ya lazima na ya kungoja, kama wauzaji wengi, na mimi mmojawapo. Ijumaa nilifurahi waonekane wezi kwa sababu ilinirahisishia kumjibu Jamila vile.

Nilimwomba Jamila msamaha. Alikunja karatasi kwanza.

"Nitakusamehe," akasema. "Lakini si leo."

Nimeliheshimu jibu hilo kuliko kama angenikumbatia.

Leo asubuhi wameondoka kwa basi, mvuani. Watakaa Kigali wiki nzima, daktari akitaka. Jamila alimshika Mjomba mkono akawa anamvuta, na nilitaka kupiga kelele kutoka chini ya bati: hashikwi hivyo, mpe kiwiko, yeye ndiye anakushika wewe! Sikusema. Hatua chache mbele Mjomba mwenyewe akahamisha mkono, akakipata kiwiko chake, na miguu yao ikapatana. Walipanda ngazi za basi pamoja, vizuri kabisa.

Na ukanishika upya. Nilikuwa nimesimama na mwavuli, nina wivu wa kiwiko.

Sijui mtu anaufanya nini wivu unaohama namna hii. Labda haukuwa wa gari tangu mwanzo. Labda nilizoea kuwa mtu pekee anayehitajika, na kwa kuwa kazi ilikuwa nzito nikadhani najitolea tu. Sina hakika. Ninaandika nione kama nitaamini.

Ufunguo ameniachia. Hakunipa mkononi, aliuweka juu ya meza, akasema akiwa tayari mlangoni: "Kaa nayo mpaka ikae sawa. Halafu uiendeshe kidogo, isilale. Usiende tu kwa kazi." Sijui alimaanisha nini. Ninajua alimaanisha nini.

Kesho nikifungua duka nitachukua mafuta ya breki rafuni, nitamwita fundi, nitasimama juu yake mpaka yatoke meupe. Mkanda nimeshauagiza. Jamila nitamwambia kila kinachofanyika, na kila kinachoachwa nitamwambia kwa nini.

Kisha itabidi niliendeshe.

Nimekuwa nikijaribu kupanga niende wapi. Hospitali ni ya Mjomba. Duka la dawa ni la Mjomba. Soko ni la chakula chake laini. Barabara ya ziwani ni yake na sikukuu zake. Nimejaribu kutaja mahali pamoja, hata pa karibu, ninapopataka mimi Rehema, nisipompeleka mtu wala kumfuata mtu. Mvua imekatika nikiwa bado nafikiri, na majirani wameanza kuanika nguo upya.

Sijapapata. Matairi hayatafika kabla ya wiki ijayo. Nina muda wa kutafuta.